Mlo wa mwanangu si wa kupunguza kitambi

Mhariri,

Gazeti lako nalinunua kwa kazi mbili. Asubuhi nalisoma, jioni nalikatia paterni za mashati, maana mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Ukurasa wa afya wa Jumapili ya wiki mbili zilizopita sikuukata. Niliukunja nikautia kwenye droo ya cherehani, na sasa ninapoandika umelala hapa mezani.

Mwandishi wenu alieleza jinsi mlo wa keto, yaani wa mafuta mengi na wanga kidogo mno, unavyoondoa kitambi. Hapo simgusi, kitambi ni cha mwenyewe. Ninachogombea ni aya ya mwisho, mistari sita tu, aliposema kwamba mlo huohuo huponya kifafa cha watoto, na kwamba mzazi anaweza kuuanza nyumbani kwa kukata ugali, wali na sukari, kisha akaachana na vidonge.

Mwanangu wa mwisho ana kifafa, na huo mlo ndio anaokula, mwezi wa kumi na nne sasa. Sijasomea udaktari wala lishe. Ila yai lake la asubuhi nalipima mimi kila alfajiri, kwa hiyo ninachosema nakijua kwa mikono.

Kifafa kilimwanza akiwa na miaka miwili na nusu. Tulidhani anasinzia. Yuko mkekani anacheza, mara kichwa kinadondoka kifuani kama kimekatwa uzi, halafu anainuka anaendelea na gari lake la kopo. Baada ya wiki ikawa si kichwa tu, mwili mzima unakwenda chini. Siku moja alipiga kidevu kwenye ukingo wa ngazi, wakamshona nyuzi nne. Mimi ninayeshika sindano tangu nina miaka kumi na saba nilitoka nje ya chumba, sikuweza kutazama. Niliporudi nyumbani nikamshonea kofia ya sponji, tabaka tatu, yenye kamba ya kidevuni. Alivaa mwaka mzima.

Maneno yaliyosemwa mtaani wasomaji wako wanayajua, sitayarudia yote. Wapo waliosema ni degedege litapita. Wapo waliokataza watoto wao wasimkaribie wakihofia mate yake, kana kwamba kifafa ni mafua. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alitaka twende kwa mtu wake huko Muheza. Nilimwambia, "Mama, twende kwanza kliniki, huko kwingine tutajadili." Hatukujadili tena.

Dawa ya kwanza ilimtuliza miezi miwili, ikaishiwa nguvu. Ya pili ikamfanya alale mchana kutwa na kuanguka kukabaki palepale. Nilikuwa nahesabu kwa chaki ya fundi juu ya ubao wa kukatia nguo, mstari mmoja kwa kila anguko, kama mtu anayehesabu magunia. Siku mbaya ilifika mistari thelathini na moja. Ndipo tukaandikiwa kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa ubongo wa watoto, naye akatuambia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kupewa kwa kipimo sawasawa zikishindwa, uwezekano wa ya tatu kufaulu unakuwa mdogo. Akautaja ule mlo.

Nilidhani anatania. Nimetoka Tanga na basi la saa kumi na moja alfajiri, nimeuza cherehani moja, halafu naambiwa kuhusu chakula. Akanieleza taratibu. Watu walijua tangu kale kwamba mwenye kifafa akifunga asile, mara nyingine anguko hupungua. Lakini mtoto hawezi kufunga maisha yake yote. Mwaka 1921 daktari mmoja Mmarekani, Russell Wilder wa Mayo Clinic, akapendekeza mwili udanganywe: upewe mafuta mengi na wanga kidogo mno, ujione kama umefunga huku unakula. Mwili ukikosa sukari huyachoma mafuta na kutoa kitu kiitwacho ketoni, na ubongo huendeshwa na hizo ketoni. Mwaka 1938 ikapatikana dawa ya kifafa iitwayo fenitoini. Kumeza kidonge ni rahisi kuliko kupima siagi, hivyo mlo ukasahaulika karibu kabisa hadi miaka ya tisini, mtoto mmoja wa Marekani alipotulia kwa mlo huo baada ya dawa kushindwa na baba yake akaamua dunia nzima isikie.

Nikamuuliza daktari swali ambalo mwandishi wenu hakuuliza: unafanya kazi kwa wangapi? Akanipa hesabu ya utafiti uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2008, nikaiandika nyuma ya kadi ya kliniki na bado ninayo. Watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. 73 walianzishiwa mlo, 72 wakasubiri na dawa zao zilezile. Baada ya miezi mitatu, walioanzishiwa mlo ambao kifafa kilipungua zaidi ya nusu walikuwa 28. Kwa waliosubiri, wanne. Tofauti ni kubwa, ndiyo maana nilikubali. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: kati ya wale 73 walio wengi hawakufika hapo. Daktari alisema tutajaribu miezi mitatu, na usipofaa tutauacha bila kulaumiana. Mwandishi wenu ameandika "huponya", na neno hilo sikulisikia kinywani mwa daktari hata siku moja.

Kabla ya kijiko cha kwanza cha mafuta alitolewa damu na mkojo. Sababu yake ndiyo naiomba ichapwe hata kama mengine yote utayakata. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na miili isiyoweza kuyachoma mafuta. Ugonjwa huo hauonekani kwa macho, na baadhi yao huanguka kama mwenye kifafa. Mtoto wa namna hiyo ukimnyima wanga ukamjaza mafuta, anaweza kufa. Mzazi aliyesoma aya yenu atajuaje kwamba wake si miongoni mwao?

Tulilazwa siku tano. Siku ya pili sukari ya damu ilishuka hadi 2.4, akawa mnyonge kama kitambaa kilicholowa, nesi akampa sharubati ya chungwa, mililita 30 zilizopimwa kwa bomba la sindano, na baada ya robo saa wakamtoboa kidole tena. Siku ya tatu alitapika kila kitu. Mke wangu alisema turudi nyumbani. Siku ya nne kijiti cha kupimia ketoni kwenye mkojo, ambacho hutoka paketini na rangi ya mchanga, kiligeuka zambarau. Ofisa lishe akacheka akasema, "Baba, gari limewaka." Mambo hayo yalitokea hospitalini, kuna nesi usiku na mchana. Nikifikiria yangetokea nyumbani saa nane za usiku naogopa hadi leo.

Sasa nieleze jikoni, maana hapo ndipo tofauti na mlo wa kitambi ilipo. Wa mwanangu ni gramu tatu za mafuta kwa kila gramu moja ya protini na wanga zikijumlishwa pamoja. Asubuhi hula yai gramu 50 bila ganda, samli gramu 18, parachichi gramu 70, papai gramu 18. Hizo ni za mtoto wa kilo 15 kwa hesabu aliyofanyiwa yeye, mtu asizinakili. Papai gramu 18 ni kipande unachoweza kukificha chini ya kidole gumba. Wanga wake wa siku nzima hauzidi gramu 10 au 11. Mke wangu alikuwa anauza vitumbua asubuhi barazani, na kitumbua kimoja tu kinapita hapo. Aliacha biashara hiyo. Hakuna aliyemlazimisha, alisema hawezi kuukaanga mchele mbele ya macho ya mtoto anayemwomba.

Kazi ya kupima nimeichukua mimi. Majirani walicheka, mwanamume na mizani jikoni. Lakini hii ndiyo kazi yangu, kwenye koti ukikosea nusu inchi bega limekwenda. Mizani yetu ni ndogo ya betri, inasoma gramu moja moja, na betri za akiba nimezifunga kwa mpira nyuma yake tangu siku ilipozima katikati ya chakula cha jioni. Samaki hupimwa akishaiva na akishatolewa miiba. Mchicha hukamuliwa maji kwanza. Sahani akimaliza naikwangua kwa mwiko wa mpira, namlambisha kilichobaki, kwa sababu samli iliyoganda pembeni ya sahani ni dozi aliyoikosa.

Watu wa pwani watauliza: tui je? Nami nilifurahi nikidhani nazi zetu zitatuokoa. Ofisa lishe akanikatalia. Nazi mbili za mnazi mmoja hazitoi tui sawa. Moja imekomaa, nyingine changa, mkono mmoja unakamua sana, mwingine unaogopa, na maji uliyotia hakuna aliyeyapima. Leo tui la kwanza lina mafuta haya, kesho yale. Kwa hiyo mafuta ya nazi ndiyo, yanapimika, tui hapana. Nilijifunza hapo kwamba hata chakula chenye mafuta kinaweza kuharibu mlo wa mafuta.

Njaa yake haikuwa kubwa kama tulivyoogopa. Kilichotuumiza ni kutamani. Siku moja dada zake wanakula ugali na dagaa, yeye akachukua mayai yake yaliyokaangwa, akayakata kwa vidole, akafinyanga tonge mkononi kama wao, akalichovya kwenye samli. "Na mimi nakula ugali," akasema. Mama yake aliondoka akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Adui wetu mkubwa, Mhariri, amekuwa huruma za watu. Sikukuu ya Maulidi, siku arobaini na moja tangu anguko la mwisho, mama mmoja mtu mzima alimwona mtoto amekaa peke yake hana kitu mkononi, akamtilia kipande cha halua mdomoni. Alifanya wema. Alasiri ile kichwa kilidondoka mara sita. Sikumfokea, angejuaje? Usiku nikachukua uzi mwekundu, nikatarizi mfukoni mwa shati lake: TAFADHALI USINIPE KITU CHA KULA. Sasa kila shati lake lina maneno hayo, kanzu pia. Mzee mmoja msikitini alishaitoa pipi mfukoni, akasoma, akairudisha, akampa mkono badala yake. Mtoto alifurahia mkono ule. Chekechea nako nilikwenda na shati hilo kumwonyesha mwalimu, na wakati wa uji yeye hula chakula chake kutoka kwenye kontena lake.

Kingine ambacho nisingekijua bila hospitali ni dawa za maji. Kikohozi, homa, antibayotiki za watoto, karibu zote zimekolezwa sukari ili zinyweke. Kijiko kimoja kinaweza kubeba gramu mbili au tatu, mara tatu kwa siku, na wewe umehangaika na kipande cha papai. Kila duka la dawa naomba vidonge visivyo na sukari, tunavisaga. Wauzaji wengine hunitazama kama mkorofi. Na zahanati moja alipougua malaria mhudumu alikuwa ameshaning'iniza dripu yenye sukari. Nikatoa barua ya daktari ninayotembea nayo kwenye plastiki, akasoma, akampima sukari kwanza, akabadilisha akaweka ya maji ya chumvi. Namshukuru kwa kusoma. (Dawa mseto ya malaria yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Kwa hilo tu mwanangu aliwazidi watoto wote wa Tanga.)

Mlo huu una madhara yake pia, nayo mwandishi wenu hakuyagusa. Mwanangu hufunga choo. Watoto wengine hupata mawe kwenye figo, ndiyo maana wetu hupimwa mkojo na hunyweshwa maji kwa saa. Mafuta ya damu huangaliwa. Kukua kumepungua kasi, suruali ya mwaka jana bado inamtosha, jambo ambalo baba fundi huligundua kabla ya mizani ya kliniki. Na kwa kuwa hali matunda ya kutosha wala nafaka, anatumia vitamini na madini ya nyongeza kila siku. Bila hivyo mlo wenyewe ungemdhoofisha. Tunakwenda Dar kila baada ya miezi mitatu na gramu hupangwa upya kufuata uzito wake. Si mlo wa maisha. Ukiendelea kumfaa, mpango ni kama miaka miwili, kisha utapunguzwa pole pole.

Na vidonge? Bado anameza. Vilikuwa aina mbili, sasa ni moja, na ile ya pili daktari aliipunguza kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Alinionya kwa kidole: dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kuja na kisikatike, anguko juu ya anguko bila fahamu kurudi, na mtoto akapotea hapohapo. Leo ubao wangu wa kukatia una mistari miwili kwa mwezi mzima uliopita. Kofia ya sponji ipo juu ya kabati. Mlo umetufaa, sitaki msomaji afikiri naupinga.

Ninachotaka nakisema sasa. Siku tano baada ya gazeti lenu kutoka, mteja wangu mmoja aliingia dukani, mama kutoka upande wa Pongwe, kuagiza sketi ya shule ya binti yake wa miaka saba. Alipoona maneno kwenye shati la mwanangu akauliza, nikamweleza, akafungua mkoba akatoa ukurasa wenu, ameukata vizuri kwa mkasi. Akasema, "Basi hata wewe unajua, baba. Na mimi nimeanza juzi." Binti yake alikuwa akimeza fenobabitoni, dawa ya kifafa, tangu ana miaka minne. Alikuwa ameiacha siku mbili. Chakula alichompa ni nyama na mboga bila ugali, hakuna mafuta yaliyopimwa, hakuna kijiti cha mkojo, hakuna aliyempima damu. Kwa maneno mengine, binti hakuwa na mlo wala dawa.

Nilifunga duka. Nilimwomba arudi kliniki siku ileile, nikamwonyesha kadi yangu yenye hesabu ya London, nikamwonyesha barua ya daktari. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini alishika lile gazeti kwa namna ambayo niliona wazi kwamba mimi ni fundi tu na lile ni gazeti.

Kwa hiyo naomba masahihisho, Mhariri. Yatoke ukurasa uleule wa afya, siku ileile ya Jumapili, kwa herufi kubwa kama za ile makala, yakisema kwamba mlo huu huanzishwa na kusimamiwa na daktari na mtaalamu wa lishe baada ya vipimo, na kwamba hakuna dawa ya kifafa inayoachwa ghafla. Mtafuteni daktari wa watoto ayaandike, msinitegemee mimi. Na mkiweza msisubiri Jumapili ya mbali. Sketi ya yule binti ilikuwa tayari tangu Jumamosi, nimeitundika karibu na mlango ili mama yake aione akipita. Hadi leo Alhamisi hajaja kuichukua, na simu yake haipatikani.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga